Dau Bila Mbasela

Ziwa likifungwa, wanaume wa Nchelenge hugeuka kero. Kuanzia Desemba, kwa miezi mitatu, hakuna anayeruhusiwa kutia wavu Mweru, samaki waachwe wazae kwa raha zao, na raha hiyo ya samaki ndiyo karaha ya wake za wavuvi. Mtu aliyezoea kukesha majini unamkuta saa nne asubuhi kaketi mlangoni, anauliza kwa nini mboga imetiwa chumvi nyingi. Ndiyo maana Ngalula alipotoa karata zake mbele ya kibanda cha nyavu cha Davison, wanawake wa pale ufukweni hawakumlaumu hata kidogo. Walimshukuru kwa kuwaondolea waume zao jikoni.

Ngalula alikuwa Mkongomani. Alivuka ziwa mwaka 2017, vita vikimfukuza upande wa Pweto, binti yake Sagesse mgongoni na kifurushi kimoja kichwani. Alipokelewa Kenani, kambi ya wakimbizi, pamoja na wengine waliofika kwa mitumbwi, na baadaye akateremka ufukweni kufanya kazi aliyoijua, kununua dagaa wabichi wanaoitwa chisense, kuwaanika juani na kuwauza wakavu. Mumewe, Sébastien, alikuwa amefariki kabla ya safari hiyo. Marehemu hakuacha shamba wala nyumba. Aliacha pakiti ya karata na mchezo wa poka, aliofundishwa na wachimba madini wenzake kule Likasi, naye akamfundisha mkewe ili apate mtu wa kumshinda. Hakuendelea kumshinda kwa muda mrefu.

Pesa ya kuchezea haikuwapo, na hata ingekuwapo mchungaji asingekaa kimya. Wakachezea maboya ya nyavu. Mvuvi wa Mweru hanunui boya dukani. Anachukua patapata, ndala ya mpira iliyokwisha, anaikata vipande vidogo na kuvitoboa, kisha anavifunga kwenye kamba ya juu ya wavu ili usizame. Davison alikuwa na gunia zima la vipande hivyo, vyekundu, vya buluu na vya rangi isiyojulikana tena, na kwa kuwa nyavu zilikuwa zimelala, navyo havikuwa na kazi.

"Kila mutu anatia moja mbele ya kupata karata," Ngalula aliwaeleza siku ya kwanza. "Ile ni ya kuingilia. Kama hautie, hauchezi. Kisha minapatia kila mutu karata tano. Unaziangalia weye peke, hauonyeshe hata bibi yako."

Baada ya hapo, akasema, kila mtu kwa zamu yake ana njia tatu. Anaweza kufuata, yaani kutia maboya sawa na aliyetia mwenzake. Anaweza kupandisha, akatia zaidi, na wengine wote wakalazimika kumfikia. Au anaweza kulala: anaweka karata zake chini kifudifudi na kuyaaga maboya aliyokwisha kutia. Waliobaki wanabadilisha karata wasizozitaka, mara moja tu, wanatia dau kwa mara ya pili, kisha wanaonyeshana. Na mtu akisukuma kila alicho nacho katikati, hiyo Wakongomani wanaiita tapi.

Davison, mwenye mtumbwi mrefu wa mashine na tumbo la kulingana nao, alikuwa na swali. Alitaka kujua kwa nini karata tatu za namna moja zishinde jozi mbili, ilhali jozi mbili ni karata nne na nne ni nyingi kuliko tatu.

"Juu tatu ni nguvu kuzipata, ba Davison," Ngalula alimjibu. "Mbili-mbili zinakuyaka kila saa. Kitu yenye iko nguvu kupata, njo inashinda."

Kulala ndiko kulikowatesa zaidi. Davison hakulala hata siku moja. Boya lake likishaingia katikati alilifuata kama anavyoufuata wavu alioutega, hata akiwa na karata za kutia aibu, na kila jioni alikuwa wa kwanza kufilisika. Thelma, shemeji yake, mke wa shemasi, alikuwa kinyume chake. Yeye alilala kila mara, akikunja uso kama mtu aliyetolewa mtoni bila kupenda. Na siku Ngalula alipowafundisha kwamba unaweza kupandisha dau hata kama huna kitu mkononi, ili mwenzako aogope alale, Thelma aliuliza kwa sauti ya ibada kama huo si uongo.

"Weye pa soko unasemaka 'samaki ya leo, samaki ya leo'," alidakia Eneless. "Iko ya leo?"

Watu walicheka hadi Davison akajishika tumbo. Eneless alikuwa hivyo. Alikuwa amekomaa sokoni, mama wa watoto wakubwa, mrefu, mwenye mikono mikavu kwa chumvi na jua, na mdomo wake haukuwa na likizo. Pale ufukweni wote walimwita Bana Suwilanji, yaani Mama Suwilanji, kwa jina la binti yake wa kwanza.

Huyu Eneless ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kumtazama Ngalula usoni alipofika ufukweni. Kila kipande cha mchanga wa kuanikia kina mwenyewe, na Ngalula alikuwa amesimama na beseni la chisense wanaoanza kuharibika, hajui aanike wapi, kila anapoinama anaambiwa hapo pana mtu. Eneless alisogeza samaki wake kwa mguu, akapasua nafasi yake katikati, akasema, "Weka apa." Hakuuliza jina. Tangu siku hiyo walianika bega kwa bega, na Ngalula hakupata kumwambia asante ya maana, kwa sababu ukianza kumshukuru Eneless anakugeuzia utani.

Sasa, kosa moja lilimshinda mwalimu kulitibu. Wanawake wa sokoni hawawezi kutoa kitu bila mbasela. Ukinunua kipimo cha samaki, mwuzaji anakutupia wengine wawili watatu juu yake, na asipotupa unajua amekasirika au samaki wenyewe ni wachache. Basi Eneless alipotia dau, maboya sita kwa mfano, mkono wake ulirudi wenyewe na kutupa la saba juu.

"Pa poka mbasela haina!" Ngalula alipiga kelele. "Umesema sita, ni sita!"

"Pole, pole," alisema Eneless, na zamu iliyofuata akatupa tena.

Waliishia kuiruhusu. Ngalula alikuwa wa kwanza kutambua, pengine wa pekee, kwamba mbasela ile haikuja kila mara. Eneless akiwa na karata nzuri, mkono ulijaa ukarimu, kama mwuzaji ambaye beseni lake limefurika. Akiwa anatisha tu, hana kitu, alitia idadi aliyoitaja na mkono ukabaki gotini. Mwalimu aliyaweka hayo moyoni na kuyatumia vizuri. Januari nzima alimla Eneless maboya bila huruma, na Eneless akashangaa, au alionekana kushangaa.

Mchezo ungebaki mchezo kama Lombe asingehama. Lombe alikuwa mmoja wa wanawake walionunua samaki kwenye mtumbwi wa Davison. Kule ufukweni mwanamke hanunui samaki popote anapotaka. Kila mtumbwi una wanawake wake, na ukifika nchi kavu hao ndio wanaojaza mabeseni kwanza; asiye na mtumbwi anasubiri masazo, na masazo ya chisense hayalishi mtu. Katikati ya Februari Lombe akahamia Mwansabombwe kwa mwanawe, na nafasi yake ikabaki wazi.

Ngalula aliposikia, aliitaka papo hapo. Mtumbwi aliokuwa akinunulia, wa mtu wa kisiwa cha Kilwa humo ziwani, ulikuwa umeuzwa mwezi mmoja kabla ya ziwa kufungwa, na tangu hapo hakuwa na pa kununulia. Binamu yake wa Puta alikuwa amempigia simu: kama mambo ni magumu, njoo, kuna mama hapa anatafuta mtu wa kumwanikia. Maana yake ni kuhama tena, kuwa kibarua tena, na kumtoa Sagesse shule katika mwaka wake wa mtihani wa darasa la saba. Mtoto alishaanza kuaga wenzake kimyakimya, akidhani mama haoni.

Lakini nafasi ile haikutamaniwa na Ngalula peke yake. Thelma aliitaka, maana mtumbwi ni wa mume wa dada yake na aliona ni haki yake ya kuzaliwa. Na Eneless aliitaka. Yeye alikuwa na mtumbwi wake wa kununulia, ila Suwilanji, binti yake, ndoa ilikuwa imemvunjikia huko Kasama na alikuwa njiani kurudi nyumbani, mikono mitupu.

Davison angeweza kulimaliza suala hilo kwa neno moja, lakini yeye ni mtu asiyeweza kumwambia mwanamke yeyote hapana. Ndiyo maana hata kwenye karata hakulala. Alijikuna, akatazama ziwa, akawaambia akina mama, "Mwe bamayo, mi sichagule. Mutacheza. Mwenye atamaliza maboya ya benzake, nafasi ni yake." Akajiteua kuwa msimamizi, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba alionekana mwenye furaha kamili.

Walicheza mchana wa siku ya mwisho ya Februari, mbele ya kibanda, juu ya mkeka. Nusu ya ufukwe ilikuja kutazama. Ngalula alitamani angecheza na mtu mwingine yeyote duniani. Mbele yake ameketi mtu aliyempa mchanga wa kuanikia, naye anataka kumnyang'anya binti wa mtu huyo riziki. Na nyuma yake, nyumbani, vitabu vya Sagesse vimeshafungwa kwa kamba. Alimwomba Mungu karata nzuri na hapohapo akaona aibu ya kuomba.

Thelma alitoka wa kwanza. Alilala na kulala hadi maboya ya kuingilia yakamla polepole, na aliposukuma tapi kwa jozi ya kumi, Eneless alikuwa na jozi ya wafalme. Shemasi alimfariji mkewe kwa kumwambia kamari ni dhambi.

Wakabaki wawili. Kwa muda mrefu maboya yalikwenda na kurudi baina yao, mpaka yakawa karibu sawa, Ngalula akimzidi mwenzake kidogo tu. Ikafika zamu ya Ngalula kugawa. Alipofungua zake alikuta malkia wawili, nne mbili, na saba isiyo na mwenzake. Jozi mbili. Alitia dau la kadiri, Eneless akafuata bila neno. Ngalula alibadilisha ile saba, akapata tatu, hakuna faida. Eneless aliomba karata mbili.

Mbili. Mwalimu ndani yake aliinua kichwa. Mtu anayebadilisha karata mbili amebakiza tatu, na mtu anayebakiza tatu mara nyingi anazo tatu za namna moja. Tatu zinashinda jozi mbili, hata Davison sasa alilijua hilo. Au amebakiza tatu za ovyo, ili adhaniwe hivyo.

Eneless alizitazama karata zake, akamtazama Ngalula, kisha akasukuma katikati karibu maboya yake yote. "Makumi mbili," alisema. Alibakiza machache ndani ya kiganja.

Ngalula aliutazama mkono ule. Aliusubiri. Mkono ulikaa gotini, kiganja kimefungwa, na hakuna boya lililoruka juu ya rundo. Dau lilikuwa bila mbasela.

Hana kitu, Ngalula alijiambia. Hesabu ya karata ilimwambia alale, na mkono wa Eneless ulimwambia asilale. Karata alizijua kwa miaka mingi, lakini mkono ule alikuwa ameanika nao samaki kila siku iliyopambazuka. Akauamini mkono. "Tapi," alisema, akasukuma kila kitu.

"Mi nafuata," Eneless alisema, akafungua kiganja na kuyaacha yaliyobaki yaanguke.

Ngalula ndiye aliyepandisha, kwa hiyo akaonyesha kwanza. Aliwaweka malkia wawili mkekani, na nne zake mbili kando yao. Eneless aliinama akazisoma bila haraka. Kisha akacheka kile kicheko chake cha sokoni, akazikusanya karata zake tano bila kuzifunua na kuzitupa juu ya lile rundo la zilizotupwa.

"Umenishika, Mama Sagesse."

Ufukwe ukalipuka. Thelma alidai karata zifunuliwe, watu waone. Davison alikataa kwa ukali wa hakimu: anayekubali kushindwa halazimiki kuonyesha, na karata ikishaingia kwenye rundo imekufa, ndivyo walivyofundishwa. Mabishano hayo yaliwachukua watu wote. Ngalula alikuwa akikusanya karata kama desturi ya mgawaji, na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo angemkemea mwanafunzi wake yeyote kwa kulifanya. Alizigeuza zile za juu akazitazama.

Tisa. Tisa. Tisa.

Alipoinua macho, Eneless alikuwa akimwangalia, na midomo yake haikuwa inacheka. Alitikisa kichwa mara moja, kidogo sana, namna anavyomtikisia mtoto kanisani anyamaze. Watu walimpiga Ngalula mabegani, Davison alimshika mkono na kutangaza jina lake kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa, naye akanyamaza.

Usiku ule Sagesse aliuliza kama bado wanakwenda Puta. Aliposikia hapana, alifungua kamba ya vitabu vyake pale pale, hakungoja kuche. Ngalula alitoka nje akalia. Alilia kwa furaha, na alilia kwa sababu furaha yenyewe alipewa, na hakuwa amewahi kupewa kitu kikubwa namna ile na mtu aliyekihitaji pia.

Asubuhi Mweru ilikuwa imefunguliwa. Mitumbwi ilirudi ikiwa mizito, wanawake wakaingia majini hadi kiunoni na mabeseni vichwani, kila mmoja kwa mtumbwi wake, na Davison, kasimama mbele kama chifu, akaita, "Mama Sagesse!" kabla ya jina jingine lolote. Chisense walikuwa wanang'aa na bado wanarukaruka. Ngalula alijaza beseni hadi mdomoni. Hakwenda kwenye kipande chake cha mchanga. Alikwenda moja kwa moja mpaka aliposimama Eneless akitandaza wake, akalitua beseni miguuni pake.

"Zilikuwa tisa tatu," alisema.

"Karata gani? Mi sikumbuke karata."

"Bana Suwilanji, usinicheke leo. Uliacha kutupa mbasela ili mi nikufuate. Ulijua."

Eneless aliendelea kutandaza samaki kwa kiganja. "Tangu Januari unaniangaliaka mukono," alisema. "Unafikiri mi siangalie macho yako? Ile siku ya kwanza ulishinda bila kitu, nikajua kitu unaona. Nikatafuta, nikaipata. Mi ni mutu ya soko, weye."

"Basi kamata nafasi. Nitaambia ba Davison leo leo. Ni ya Suwilanji."

"Awe, hapana," alisema Eneless, na hapo akasimama wima, akapangusa mikono kwenye chitenge, na utani wote ukamtoka usoni. "Nilipoketi pale nilitaka kukushinda. Kweli ya Mungu, nilitaka. Kisha karata zikakuya muzuri, nikakuangalia, ulikuwa unaogopa sana. Nikasema, Suwilanji anarudia kwa mama yake. Atakula pa sahani yangu, atalala pa nyumba yangu, kesho nitamutafutia kazi. Lakini huyu, hapa Nchelenge, iko na nani?"

Katika miaka yote ya kuishi upande huu Ngalula alikuwa amewaona wanawake wa Kibemba wakishukuru kwa magoti, na yeye, Mluba mwenye shingo ngumu, hakuwa amepiga goti mbele ya mtu. Sasa alipiga. Alishuka kwenye mchanga wenye maji, mbele ya Thelma na shemasi na Davison na wachuuzi wote waliokuwa wanapita, akakunja viganja na kupiga makofi ya taratibu kama alivyowaona wenyeji wakifanya.

"Natotela, mayo," alisema, akimshukuru kama mama kwa Kibemba chao. "Natotela sana."

"Simama! Batu banaangalia." Eneless alimvuta mkono, lakini Ngalula alikuwa mzito kama gunia na hakuinuka.

"Baangalie. Suwilanji akifika, atanunua na mimi pa beseni moya, pa mutumbwi ya ba Davison. Nitamuambia mwenyewe, na hawezi kukatala mutu."

"Ile tutaongea. Simama, samaki inaoza."

"Umeuliza kitu," Ngalula alisema, bado yuko magotini, machozi yanamtiririka na hayafuti. "Uliuliza hapa niko na nani. Mi niko na weye."

Eneless alisogeza samaki wake kwa mguu, akapiga magoti naye pale kwenye mchanga, na wakaanza kumimina beseni pamoja.